Get Smart: Kachero Zuzu na Yanayosemwa Juu Yake

Ukitaja Get Smart, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani kuhusu majasusi, mbele ya watu waliowahi kuiona, cha kwanza utakachosikia ni simu ya kiatuni. Maxwell Smart, kachero namba 86, anavua kiatu mbele za watu, anakigeuza soli juu na kuanza kuzungumza na bosi wake. Hilo ni kweli. Yanayofuata baada ya hapo ndiyo ya kuchuja.

Wengi wanaamini watunzi wake, Mel Brooks na Buck Henry, walijibunia upuuzi mtupu usiofanana na ujasusi wowote. Kipindi kilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC Septemba 1965, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto na James Bond akijaza kumbi za sinema. Kazi ya watunzi ilikuwa kuyachukua mambo ya wakati huo na kuyaongezea chumvi kidogo, na pengine hata chumvi haikuhitajika. Katika muongo huohuo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilimpasua paka ikampandikiza kipaza sauti na redio, ili akajipitishe karibu na watu wanaonong'ona siri. Paka akabaki paka. Njaa ikimshika, anakwenda zake. Nyaraka za mradi huo zilitolewa hadharani mwaka 2001. (Kisa kwamba aligongwa na teksi siku yake ya kwanza kazini kinasimuliwa kila mahali, ila mtu aliyewahi kuongoza idara ya vifaa vya kijasusi ya CIA amekikanusha.) Na kiatu je? Usalama wa taifa wa Romania ulificha kipaza sauti na kirusha mawimbi ndani ya kisigino cha kiatu cha mwanadiplomasia wa Marekani. Ndani ya kipindi, KAOS, genge linalopambana na Max, linasemekana kuanzishwa Bucharest, mji mkuu wa Romania, mwaka 1904. Sadfa tu, lakini mimi naipenda.

Kwa kuwa KAOS imetajwa: mashabiki wamevunjika vichwa wakitafuta herufi hizo zinasimamia nini, na zile za CONTROL, idara anayoitumikia Max. Hazisimamii chochote. Ni majina tu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na naona huo wenyewe ni mzaha kwa mashirika yanayopenda vifupisho.

Halafu kuna dhana kwamba kichekesho chote ni ujinga wa Max. Itazame Koni ya Ukimya. Kofia kubwa za plastiki angavu zinashushwa vichwani mwa Max na mkuu wake ili wazungumze siri. Matokeo yake wanapigiana kelele bila kusikilizana. Watu hukumbuka ubovu wa kifaa na kusahau jinsi kilivyoshushwa. Mkuu hakitaki, amekichoka. Max ndiye anayeng'ang'ania, kwa sababu kanuni zinasema hivyo. Anayechekwa pale ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, yule ambaye karibu kila ofisi inaye. Tena balozi za Marekani zilikuwa kweli na vyumba vya plastiki angavu vilivyojengwa ndani ya vyumba vingine, kwa kuogopa vinasa sauti.

Don Adams, aliyemwigiza Max, naye hakuwa zuzu. Alipigana katika kisiwa cha Guadalcanal, bahari ya Pasifiki, akiwa mwanamaji wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye akawa mkufunzi wa kwata. Ile sauti ya kukaza, ya mtu mwenye uhakika kabisa wa jambo asilolijua, ilimpatia Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mara tatu mfululizo. Wanaodhani katuni ya Inspector Gadget ya mwaka 1983 ilimwiga tu, wajue aliyetia sauti ni yeye mwenyewe.

Wapo pia wanaodhani kipindi kilipokelewa kwa shangwe tangu mwanzo. Kituo cha ABC ndicho kilichokuwa na nafasi ya kwanza, ikakikataa. Brooks amesimulia kuwa waliambiwa si cha Kimarekani na kwamba wakitie mbwa wa kupendeza. Mbwa akatiwa, akaitwa Fang, na NBC ikakichukua. Kikadumu misimu mitano, sehemu 138, msimu wa mwisho ukirushwa na kituo kingine, CBS. Sifa za Brooks nazo zimezidi kiasi: baada ya kukianzisha aligeukia sinema, na Henry ndiye aliyebaki kusimamia maandishi katika misimu miwili ya kwanza.

La mwisho ni jina la kachero 99, mwenzake Max kazini, aliyeigizwa na Barbara Feldon. Utaambiwa anaitwa Susan Hilton. Jina hilo limo kweli katika sehemu moja, na mwishoni mwa sehemu hiyohiyo 99 anamwambia Max kwamba si lake. Wakaja kuoana, wakapata mapacha, na mume akaendelea kumwita 99.