Mashine ya kuosha vyombo ikigoma, usikimbilie kadi

Hapa Bukavu mashine ya kuosha vyombo ikinyamaza ghafla, fundi hukuna kichwa na kusema: "Kadi imeungua." Kadi ya elektroniki, yaani ubao unaoongoza mashine nzima, ni kipuri cha bei kali, na kuipata ni safari nyingine. Katika karakana yetu ya mafunzo wanafunzi huifikia mwisho, baada ya kupima vinavyoipelekea habari na vile inavyoviendesha.

Anza na umeme wenyewe. Mashine za Ulaya hutaka volti 220 hadi 240. Tuseme jioni, mtaa mzima ukipika, priizi imeshuka hadi 160. Rezistansi ya kupasha maji iliyoandikwa wati 2000 kwa volti 220 itatoa kama 1060 tu, kwa sababu nguvu yake hufuata mraba wa volti. Maji yanachelewa kupata moto, programu inavutika, mwisho kioo cha mashine kinaonyesha kosa la joto, na hakuna kilichokufa. Kwa hiyo pima priizi wakati mashine inapasha maji. Ikiwa imezimwa, kipimo kitakudanganya.

Ukitaka kuifungua, chomoa waya ukutani, funga robine ya maji, subiri dakika chache. Kubonyeza kitufe cha kuzima hakutoshi.

Mlango una swichi ndogo ndani ya kufuli. Usiposikia "tak" unapoufunga, mashine haitaanza, hata taa zikiwaka. Mara nyingi ni mabaki ya chakula au bawaba iliyolegea. Tafadhali usiiunganishe swichi hiyo moja kwa moja kwa waya. Maji ya moto yatakurukia.

Pampu ya kutoa maji ikinguruma bila kukoma, angalia sinia iliyo chini ya mashine. Mashine nyingi zina boya dogo pale: maji yakivuja, boya hupanda na kukata programu. Kausha sinia, kisha utafute mpira unaovuja.

Disjonkta, ile swichi ya usalama inayokata umeme wa nyumba, nayo ina lugha yake. Ikiruka mara tu unapochomeka, shuku waya wa umeme au kichujio cha umeme (si cha maji) kilicho pale umeme unapoingilia mashine. Ikiruka baada ya maji kuingia, joto linapoanza, shuku rezistansi. Ondoa nyaya zake, pima ukinzani wake kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme: ya wati 2000 husoma karibu oumu 24. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya ncha yake na bati la mashine, inavujisha umeme.

Kuna wanaolalamika kwamba bati "linatekenya" mkono. Nyumba nyingi zina priizi yenye pini ya ardhi isiyofika ardhini. Kichujio hupeleka umeme kidogo kwenye bati, nao ukikosa njia hupita kwako. Siku rezistansi itakapovuja, huo hautakuwa mtekenyo tena. Hilo ni la kurekebisha kabla ya kosa lolote la kwenye kioo.

Vyote vikiwa vizima, sasa fungua kadi. Tafuta kidude cha duara kilichopasuka au kuwa cheusi karibu na mahali umeme unapoingilia: ndicho kinachojitoa mhanga umeme unaporudi kwa kishindo. Fundi wa elektroniki anaweza kukibadilisha pamoja na fyuzi. Ikibidi kununua kadi nzima, nakili namba yote ya kibandiko kilicho ubavuni mwa mlango, maana mashine mbili za sura moja zinaweza kuwa na kadi tofauti.