"Amekanyaga, Basi Hajavunjika": Tunayoambiana Tabora Kuhusu Picha ya Mguu

Sikonge au Urambo, mrina asali akiteleza mtini mara nyingi hutua kwa visigino. Akiinuka na kuchechemea mpaka nyumbani, hukumu imeshatoka: amekanyaga, basi hajavunjika, mchueni kwa maji ya moto.

Ukweli ni kwamba mfupa wenye ufa unaweza kumbeba mtu, na kuuchua kunaweza kuusogeza. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kifundo cha mguu inayotumika hadi leo: apigwe eksirei mwenye maumivu ya kifundo ambaye mfupa unauma ukibonyezwa nyuma au kwenye ncha ya kifundo, upande wa ndani au wa nje, au asiyeweza kupiga hatua 4. Liangalie hilo neno "au". Aliyetembea bado anapaswa kubonyezwa.

Kisigino kina mambo yake. Eksirei ikionyesha kimepasuka, daktari anaweza kutaka CT skani, yaani picha za mionzi zinazoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, ahesabu vipande na aone kama kiungo kilicho juu yake kimebonyea, maana hapo ndipo uamuzi wa upasuaji unapoanzia. Tena atauliza habari za kiuno. Wapo wanaonuna: "Nimeleta mguu, yeye anataka mgongo!" Hakutafutii gharama; kishindo cha visigino hupanda hadi kwenye pingili za mgongo na kinaweza kuzivunja pia.

Halafu kuna hili la "picha ni safi, sina kitu". Eksirei ya kawaida haionyeshi kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Aliyeanguka na bodaboda, akavilia damu chini ya unyayo, huenda mifupa ya katikati ya mguu imeachana, na picha ya kulala isionyeshe chochote. Akipigwa amesimama, pengo hujitokeza. Nyufa nyingine huonekana picha ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Kwamba mtaalamu wa mionzi anakutesa anapougeuza mguu mara tatu? Ufa hujificha upande mmoja, ukaonekana mwingine. Mionzi yenyewe ni kidogo mno, sawa na ile ya asili tunayoipata kwa saa chache tu. Mjamzito aseme mapema. Mguu uko mbali na tumbo, ila chumbani mle wanapaswa kujua.