5G Imefika Kampala. Mnara Wako Unalishwa na Nini?

Mwezi uliopita pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kijana mmoja anayebadilisha hela karibu na mpaka alinionyesha simu yake. "Mwalimu, hapa imeandika 4G. Bando ninalo. Sasa mbona video inazunguka tu?" Nikamwuliza mnara uko wapi. Akanyosha kidole nyuma ya maduka; hata mita mia tatu hazifiki. Swali lake lilihitaji kipindi kizima cha darasani, na wateja walikuwa wanamsubiri. Nilimwachia kazi moja ya kufanya, nitaieleza mbele. Kipindi chenyewe ni hiki.

Kampuni inayokuuzia bando haitengenezi mitambo iliyo mnarani. Huinunua, na wauzaji wakubwa wa mitambo hiyo duniani sasa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Ericsson ya Sweden, Nokia ya Finland, Huawei na ZTE za China, na Samsung ya Korea Kusini. Zamani walikuwa wengi. Nortel ya Kanada ilifilisika 2009, na sehemu ya kazi zake za simu za mkononi ikanunuliwa na Ericsson. Biashara ya mitambo ya mtandao ya Motorola ilichukuliwa na Nokia Siemens Networks 2011. Alcatel-Lucent nayo ikamezwa na Nokia 2016. Utafiti wa kila kizazi kipya cha mtandao, 3G, 4G, 5G, unakula pesa nyingi mno, na aliyekosea kizazi kimoja ni nadra kusimama tena.

Mahasimu hao hukaa meza moja katika jumuiya ya viwango iitwayo 3GPP, wakakubaliana simu na mnara vitaongeaje. Kanuni za kwanza za LTE, ambayo sisi tunaiita 4G, zilikamilika 2008. Desemba 2009 mtandao wa kwanza wa kuuzwa kwa watu ukafunguliwa Stockholm kwa mitambo ya Ericsson na Oslo kwa mitambo ya Huawei. Uganda tukaipata LTE 2013. Sehemu ya kwanza ya kanuni za 5G iliidhinishwa Desemba 2017. Korea Kusini na Marekani zikaanza kuiuza Aprili 2019. Januari 2020 kampuni ya simu ya MTN na ZTE waliijaribu hapa Kampala, na 2023 MTN na Airtel wakaifungulia umma. Piga hesabu ya kuchelewa kwetu: miaka minne kwa 4G, kisha miaka minne tena kwa 5G. Kuna wanaoona aibu hapo. Mimi sioni, kwa sababu mitambo ya mwaka wa kwanza huwa ghali na yenye kasoro, na simu zake huwa chache. Acha wenye pesa walipie kasoro hizo.

Maendeleo makubwa ya wauzaji hawa, kwa maoni yangu, hayamo kwenye matangazo ya kasi. Yako juu ya mnara. Zamani redio, yaani mtambo unaotuma na kupokea mawimbi ya simu, ilikaa ndani ya kabati chini, na waya mnene ukapanda hadi kwenye antena. Katika safari hiyo ya kupanda, karibu nusu ya nguvu iliweza kupotea njiani ikawa joto bure. Wahandisi wakaipandisha redio yenyewe, wakaifunga mgongoni mwa antena. Kinachopanda siku hizi ni faiba nyembamba, uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, na waya wa umeme. Ukipita barabara ya Jinja, inua macho uvione visanduku vya kijivu nyuma ya antena ndefu.

Halafu kisanduku kikafundishwa lugha zaidi ya moja. Kila kizazi kilikuwa na kabati lake, na kuongeza 3G kulimaanisha lori, mafundi na mitambo mipya. Sasa redio moja inaweza kubeba 2G na 4G pamoja, na mara nyingine kupandisha mnara daraja ni kuongeza programu kutoka ofisini. Mnara wa kijijini ulionufaika na hilo haukuandikwa na gazeti lolote.

5G imeleta antena yenye redio ndogo nyingi ndani yake, mara nyingi 64. Antena ya zamani ni kama koroboi, inamulika chumba kizima hata pembe isiyo na mtu. Hii mpya ni tochi, inaelekeza miale kwa mwenye kuhitaji, tena watu kadhaa kwa wakati mmoja. Ila masafa ya megahezi 3500, ambayo 5G huyatumia sana, huchoka mapema na kuzuiwa na kuta kuliko yale ya megahezi 900. Hapa Kampala, mnara wa kilima cha Kololo unaweza kuona vizuri mteremko wa kilima cha Nakasero, lakini katikati ya maghala ya mtaa wa biashara wa Kikuubo habari ni nyingine. Hakuna muuzaji wa mitambo awezaye kuibadilisha tabia hiyo ya mawimbi.

Sasa turudi Busia. Alama ya 4G inakuambia simu yako na mnara vimeelewana. Haisemi kilichoko nyuma ya mnara. Huko nyuma kuna faiba, au kuna sahani ya redio inayorusha kwenda mnara mwingine, nao kwenda mwingine, na minara kadhaa ikagawana njia moja nyembamba. Ukiweka redio mpya kabisa juu ya njia hiyo, umefunga bomba pana kwenye mfereji mwembamba. Na nchi yetu haina bahari: sehemu kubwa ya safari ya data kwenda ng'ambo hupitia nyaya zinazotua Mombasa, kama SEACOM na TEAMS za 2009 na EASSy ya 2010.

Umeme nao usisahaulike. Ukikatika, mnara huishi kwa betri au jenereta ya dizeli, na ndiyo maana wauzaji sasa wanashindana kutengeneza redio zinazosinzia usiku watu wakilala.

Kazi niliyomwachia kijana ilikuwa hii: ajaribu video ileile, akiwa amesimama palepale, alfajiri na usiku. Kama ni nzito saa zote na vijiti vya mawimbi ni vichache, tatizo ni mawimbi au simu. Kama alfajiri inaenda na usiku inakwama, watu wamejaa njiani. Kabla hujanunua simu ya 5G, fanya jaribio hilo, kisha uliza kama unakolala na unakofanyia kazi 5G ipo. Malalamiko huanzia kwa kampuni yako. Isipokujibu, nenda Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Taja mahali na saa, kwa kuwa "mtandao mbovu" peke yake haimpi fundi pa kuanzia.

Jumatatu akaniandikia: saa kumi na moja alfajiri video imecheza mpaka mwisho, saa mbili usiku imezunguka tu. Alikuwa ameshaanza kuweka akiba ya simu mpya. Nikamjibu abaki na ya zamani, na nyakati zote mbili, ya alfajiri na ya usiku, azipeleke kwa kampuni yake.