Ncha za Mirihi ni maji zaidi kuliko gesi

Kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, Mirihi ikichomoza nyekundu juu ya bahari, bado husemwa kwamba barafu ya ncha zake ni kaboni dayoksaidi iliyoganda tu. Sivyo, sehemu kubwa ni maji. Huko kusini, kaboni dayoksaidi ya juu isiyoisha kiangazi ina unene wa mita 8 hivi. Chini yake, vipimo vya rada ya Mars Express, chombo cha angani kinachoizunguka Mirihi, vilivyotangazwa 2007 vilionyesha barafu ya maji yenye unene wa hadi kilomita 3.7.

Rada hupokea myangwi miwili, wa juu na wa mwamba chini. Kupata unene, chukua muda kati yake, mara kasi ya mawimbi, gawanya kwa mbili. Kasi iwe ya ndani ya barafu, takriban kilomita 170,000 kwa sekunde. Ukitumia ya angani, unene unazidi mno. Tena pima usiku wa Mirihi: mchana ayonosfea, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, huvuruga mawimbi.