Je, Wajua kwa Nini Pesa za Ami Hazitoshi Kukupatia Viza ya Mwanafunzi?

Huku kwetu Lamu, mtoto akipata nafasi ya chuo ng'ambo hasomeshwi na baba peke yake. Ami mwenye duka Langoni hutoa fungu lake, shangazi huleta zamu yake ya chama, mjomba aliye Mombasa hutuma kwa simu, na baada ya sala ya Ijumaa watu huchanga. Zikijumlishwa zinafika, pengine na ziada. Kijana anatuma maombi ya viza ya Uingereza, na jibu linarudi kwamba hajathibitisha kuwa ana pesa.

Familia nyingi huona zimedharauliwa. Kumbe afisa wa viza hakubishana na kiasi. Ametazama jina lililo juu ya akaunti, kisha akahesabu siku.

Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinamtaka mwanafunzi aonyeshe karo ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa, pamoja na pesa za kujikimu kwa muda usiozidi miezi 9. Tangu Novemba 2025, za kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesomea London, na pauni 1,171 kwa anayesomea kwingineko. Atakayekwenda Leeds au Cardiff kwa mwaka mzima wa masomo anahitaji pauni 10,539 za kula na kulala tu, karibu shilingi milioni 1.8 za Kenya, kabla hatujagusa karo. Kiasi chote hicho lazima kikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe nyuma ya siku ya kutuma maombi kwa zaidi ya siku 31.

Kwa nini siku 28? Kwa sababu salio la siku moja halisemi kitu. Mtu anaweza kukopa milioni mbili Jumatatu, akachukua steitimenti Jumanne, akazirudisha Jumatano. Wapo mawakala wanaofanya biashara hiyo waziwazi. Lakini ni wachache watakaokubali pesa zao zilale karibu mwezi mzima kwenye akaunti ya mtu mwingine, maana mwenye akaunti anaweza kuzitoa zote. Hizo siku 28 ndizo chujio: pesa ikikaa, huaminika kuwa ni ya mwenyewe.

Chujio hilo lina ubaya wake, nami nausema wazi. Linampendelea aliyeajiriwa, mwenye mshahara unaoingia benki kila mwezi. Mali ya watu wa huku imekaa kwingine: jahazi lililoundwa Matondoni, shamba la minazi, nyumba ya mawe ya urithi, dhahabu ya mama. Vyote hivyo ni utajiri wa kweli, na hakuna kimoja kinachohesabiwa. Inayotakiwa ni pesa taslimu inayoweza kutolewa benki wakati wowote. Afisa anasoma karatasi akiwa mbali sana. Hamjui ami, wala hajui kwamba ahadi yake mbele ya wazee ina uzito kuliko hati.

Na hapa ndipo ami anapotoka kwenye hesabu. Uingereza inakubali akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria. Ami, mjomba, kaka na shangazi hawamo, hata kama ndio waliomlea kijana tangu akiwa mdogo. Dawa yake si ngumu: pesa zao zihamie kwenye akaunti ya kijana au ya mzazi, zikae humo siku zake 28. Kila mmoja aandike barua fupi inayosema ametoa zawadi, si mkopo, na risiti za kutuma zitunzwe, kwa sababu afisa ana haki ya kuuliza kiasi kikubwa kilichoingia kwa mkupuo kimetoka wapi. Anayekwepa riba asiwe na wasiwasi. Akaunti ya kawaida ya benki ya Kiislamu iliyo chini ya Benki Kuu ya Kenya inafaa sawa na nyingine. Kitu kimoja husahaulika mno: shilingi zitabadilishwa kuwa pauni kwa bei ya siku ile ya kutuma maombi. Ukiweka kiasi kamili bila nyongeza, shilingi ikiteleza kidogo tu, umepungukiwa.

Akaunti ikiwa ya mzazi, mwanafunzi huambatanisha cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Kwa watu wa pwani hapo pana mtego. Sisi tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu, kwa hiyo mtoto na baba hawana jina moja la mwisho, na mama ana la kwao. Hilo lenyewe si kosa; cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowaunganisha. Taabu huja pale cheti kinaposema Mohamed, kitambulisho cha baba Muhammad, na benki Mohammed. Linganisheni herufi kwa herufi mapema, maana kurekebisha jina kisheria, pamoja na tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya, huchukua muda.

Nchi nyingine huuliza swali lilelile kwa njia tofauti. Ujerumani haihesabu siku. Inataka pesa zifungiwe kwenye akaunti maalumu, euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi akishafika anaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Huko ami anaweza kuzituma yeye mwenyewe. Marekani nayo inamkubali ami kuwa mdhamini, lakini kijana husimama mbele ya afisa na kuhojiwa, na kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya 1952 kinamchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka athibitishe vinginevyo. Hapo ile nyumba ya urithi, isiyo na thamani kwa Mwingereza, inaweza kusaidia kuonyesha kwamba ana pa kurudi.

Wazee waliosoma Madina husema wao hawakuulizwa habari za benki, na ni kweli. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, huwapa wanafunzi wake ufadhili wa masomo, makazi na posho, basi pesa ya kuthibitisha ni ya nini? Ndivyo ilivyo pia kwa anayekwenda Uingereza kwa ufadhili kamili wa serikali. Barua ya mfadhili hushika nafasi ya steitimenti.

Wakala akijitolea kukukopesha salio au kukutengenezea steitimenti, muondokee. Hati ya uongo ikigunduliwa, Uingereza inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10.

Kwa masomo ya Septemba, michango ianze kukusanywa mapema ili ifikapo 1 Julai yote iwe ndani. Siku ya 28 itaangukia 28 Julai, na maombi yatumwe kabla ya 28 Agosti kupita. Msingoje mpaka huko, lakini, kwani majibu huchukua kama wiki tatu. Kwa Wakenya wanaokwenda zaidi ya miezi 6 kuna pia kipimo cha kifua kikuu kinachofanywa Nairobi, na cheti chake hudumu miezi 6. Safari hiyo ya kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi ifanyike katika zile siku 28 ambazo pesa zimelala, na nauli yake isitolewe kwenye akaunti ile.