Chaja ya simu haibebi hewa ukaa ya chuo

Wanafunzi wengi wanaotaka chuo chao kifikie sifuri ya hewa ukaa, yaani kisiongeze angani zaidi ya kinachoondolewa, huanza kwa kuchomoa chaja ukutani. Nia ni njema kabisa, ila hesabu inaelekeza kwingine.

Chaja ya kisasa isiyo na simu hula takriban wati 0.1. Iache mwaka mzima, haimalizi uniti 1 ya umeme. Sasa tazama bafu la bweni lenye hita ya umeme: dakika 10, lita 8 kila dakika, ni lita 80. Kuyapandisha maji hayo nyuzi 25 hula uniti 2.3 hivi. Ukioga dakika 5, umeokoa zaidi ya uniti 1 kwa mara moja tu.

Maabara nayo ina lake. Kabati la kufyonza mvuke wa kemikali, kioo chake cha mbele cha kupandisha na kushusha kikiachwa juu, hutupa nje hewa ambayo jengo limeshagharimia kuipoza au kuipasha. Kishushe ukimaliza. Lakini kama feni yake ina kasi isiyobadilika, kioo kitakulinda wewe tu, umeme hautapungua. Hapo iandikieni idara ya majengo mkaombe feni inayojipunguza kasi kioo kikishushwa.