Safari ya Wasiopendana: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Riwaya za Upelelezi wa Zama za Misafara

Wapenzi wa riwaya za upelelezi zinazosimulia zama zilizopita wanaifahamu vyema jozi hii: watu wawili ambao hawakuchaguana, waliolazimishwa na uchunguzi mmoja kushika njia moja, na ambao nyoyo zao zinalegea kidogo kidogo kadiri safari inavyosonga mbele. Hapa Bagamoyo, mji ambao kwa miongo mingi ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara ya Tabora na Ujiji, masimulizi ya namna hiyo yanapaswa kuwa yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, mazungumzo kuhusu riwaya hizi yamejaa dhana ambazo historia ya mwambao haizikubali, na ambazo huidhoofisha hadithi kabla wahusika hawajavuka hata mto Kingani. Ninazijibu zile ninazoziona kuwa na madhara makubwa zaidi.

Dhana: safari ndefu yenyewe huwapatanisha watu

Hii ndiyo dhana inayozizaa nyingine. Mwandishi huwaweka wahusika wake njiani, huhesabu siku, na wakifika Mpwapwa huwa tayari wanaitana ndugu. Ukweli ni kwamba msafara ulipangwa kwa namna iliyowawezesha watu kutembea pamoja kwa miezi mitatu au zaidi bila kujuana. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na bendera. Wapagazi walimfuata kwa mstari mmoja, kila mmoja akiwa na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Wanyapara na askari walikuwa na nafasi zao. Na kambini kila kundi lilipika chungu chake na kulala upande wake. Karani aliyetoka Bagamoyo angeweza kufika Tabora bila kulijua jina la mtu aliyembebea sanduku lake.

Kilichowasogeza watu karibu kilikuwa uhitaji. Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika ya Marenga Mkali, isiyokuwa na maji ya kutegemewa, ambayo misafara iliivuka kwa terekeza: waliondoka alasiri, wakalala njiani bila maji, wakaendelea alfajiri. Baada ya hapo zilikuja siku za kujadiliana hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi wa Ugogo, ambapo msafara mzima ulisimama ukingoja mtu mmoja au wawili waliojua kusema vizuri na kupunguza madai. Mahali kama hapo humpa mwandishi kila anachokitafuta. Mpelelezi anayemshuku mwenziwe analazimika kuamua kama atakunywa maji ya kibuyu anachonyoshewa naye, na mwenzi anayejua kwamba anashukiwa analazimika kuamua kama atamnyoshea. Uamuzi huo ni sehemu ya uchunguzi na ni sehemu ya uhusiano wao kwa wakati mmoja. Mimi nashikilia kwamba riwaya ya aina hii hufaulu pale mambo hayo mawili yasipotenganishwa, yaani pale imani kwa mwenzi inapokusanywa kwa ushahidi na subira ileile inayotumika kumtafuta mwuaji.

Kwa sababu hiyohiyo siikubali dhana nyingine iliyo jirani na hii, kwamba tukio moja kubwa, kama vile kuokolewa kutoka kinywani mwa mamba, linatosha kuugeuza moyo. Kuokolewa huleta shukrani, na mtu anaweza kumshukuru aliyemwokoa huku akiendelea kumshuku. Msomaji ambaye hakuonyeshwa dalili ndogo zilizotangulia ana haki ya kulalamika, sawasawa na anavyolalamika mwuaji anapokuja kutajwa bila ya kuwa na dokezo lolote lililotangulia.

Dhana: mpagazi alikuwa mtumwa, hivyo alimfuata bwana wake kwa hofu tu

Utumwa ulikuwepo, Bagamoyo ilikuwa sehemu ya biashara hiyo, na hakuna mwandishi mwaminifu anayeweza kuupamba. Lakini wapagazi wengi wa njia hii, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira na posho, na wengine walishuka pwani na bidhaa zao wenyewe za kuuza. Tofauti hiyo hubadilisha hadithi nzima. Mpagazi huru aliweza kutua mzigo na kuondoka usiku, na wakuu wa misafara waliliogopa jambo hilo kuliko mengi mengine. Mpelelezi anayesafiri na mtu wa namna hiyo anasafiri na mtu mwenye uwezo wa kumwacha, na kila asubuhi mzigo unapoinuliwa tena mpelelezi amepata jibu ambalo hakuliuliza. Mwandishi anayemfanya mpagazi kuwa kivuli cha bwana wake hupoteza jibu hilo, na pamoja nalo hupoteza nusu ya hadithi.

Dhana: kutopendana kwa mwanzo lazima kuonekane kwa ugomvi

Katika miji ya mwambao watu wasiopendana huamkiana. Mtu anaweza kuwa na kinyongo kizito na mwenziwe na bado akamjulia hali yake, ya nyumbani kwake na ya watoto wake, bila kupunguza hata neno moja. Kinyongo huonekana katika kile kisichofanyika: karibu inayotamkwa mara moja tu na isirudiwe, kikombe cha kahawa kinachopokewa kwa adabu kisha kikawekwa chini kikiwa kimejaa, mtu anayeitwa Bwana kila wakati na kamwe asiitwe kwa jina lake. Kwa hiyo mabadiliko nayo hayana haja ya kutangazwa. Siku ambayo mmoja anamwuliza mwenziwe kama amekula, naye badala ya kushukuru na kukataa anakaa akanawa mikono, sura nzima imekwisha kuandikwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kinyongo hicho kiwe na sababu yenye tarehe. Tuchukue Bagamoyo ya mwaka 1891. Vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimepiganwa katika pwani hii mwaka 1888 na 1889, na Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Jeshi la Hermann von Wissmann lililoushinda upinzani huo lilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, pamoja na wengine waliotoka Msumbiji. Sasa mwandishi amtume karani wa liwali, mtu wa mji aliyempoteza nduguye katika vita hivyo, aende bara kuchunguza kifo cha mfanyabiashara, na ampe askari Msudani wa kumlinda. Hakuna kati yao aliyeomba safari hii. Kiswahili cha askari ni cha amri na cha sokoni. Alfajiri wanasimama safu moja katika swala, mabega yakigusana, na wakishatoa salamu ya mwisho hawasemezani mpaka adhuhuri. Wanachoshiriki na kinachowatenga vipo mahali pamoja, na haihitajiki kelele yoyote ili msomaji aelewe.

Dhana: wakianza kutaniana wamekwisha kuwa marafiki

Kosa hili hufanywa hata na waandishi wanaoijua Tanzania vizuri, na ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu utani ni hazina ambayo riwaya ya upelelezi haijaitumia ipasavyo. Utani baina ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani, ni mfumo wa haki na wajibu, na njia za misafara zilichangia sana kuukuza. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli na hata kukichukua kitu chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kwa upande wa pili, anawajibika kwako, na wajibu huo huonekana zaidi msibani, ambako watani wana kazi zao zinazojulikana. Wageni wawili wanaweza basi kurushiana maneno makali siku ya kwanza, wakacheka, na wasiwe na hata chembe ya mapenzi kati yao. Wametimiza desturi, basi.

Ndiyo maana mwandishi makini huangalia mahali utani unapovuka desturi au unapokatika. Mtani anayejizuia kumtania mwenziwe siku ambayo mwenziwe ameletewa habari mbaya kutoka nyumbani amefanya jambo ambalo desturi haikumlazimisha, na hapo ndipo urafiki unapoanza kuonekana. Nacho kimya cha mtani katika msiba wa mtu aliyeuawa, pale ambapo kila mtu alitarajia asikike, ni dokezo ambalo mgeni hawezi kuligundua. Mwenzi wa mpelelezi, aliyelelewa ndani ya utani huo, ataligundua mara moja, na swali la kama atalisema au atalinyamazia litategemea umbali ambao wawili hao wamekwisha kusogeleana.

Dhana: mwenzi yupo ili kumsifu mpelelezi na kuuliza maswali kwa niaba ya msomaji

Ofisi ya kwanza ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na polisi wa London waliufuata mfumo huo mwaka 1901. Mpelelezi wa mwambao wetu mwishoni mwa karne ya 19 hakuwa na chombo cha namna hiyo. Ushahidi wake ulikuwa katika nyayo, katika ndimi za watu na katika maandishi, na si kila mtu aliweza kusoma maandishi yote.

Tanga inatoa mfano mzuri. Kufikia mwaka 1905 reli iliyoanza kujengwa mjini hapo mwaka 1893 ilikuwa imefika Mombo, umbali wa kilomita 129. Ndani ya behewa la reli hiyo tuwaketishe mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye umri mkubwa, asomaye na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kijana aliyehitimu shule ya serikali ya Tanga, aliyefundishwa herufi za Kirumi na hesabu za karani. Mzee anamwona kijana kuwa mtumishi wa Wajerumani. Kijana anamwona mzee kuwa mtu wa zama zilizokwisha pita. Wamebeba hati ya deni iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, inayodaiwa kuwa ya mwaka 1902, na kijana hawezi kuisoma hata mstari mmoja. Mzee anaisoma kwa sauti, kwa upole, kwa sababu ameombwa kwa adabu. Inapotajwa salio la heller 30, kijana anamshika mkono: heller haikuingia katika fedha ya koloni mpaka mwaka 1904, ilipoamuliwa kwamba rupia moja iwe heller 100 badala ya pesa 64. Hati ni ya kughushi. Peke yake, mzee angeipita namba hiyo bila kuistaajabia, na kijana asingeifikia kabisa. Hakuna aliyemsifu mwenziwe katika tukio hilo, na bado heshima imezaliwa.

Dhana: jozi na makundi ya namna hii ni ubunifu wa kigeni, historia yetu haina mfano

Mfano upo, na ulifika hapa Bagamoyo mwezi Februari 1874. David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873, na watu waliokuwa naye waliubeba mwili wake kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi misheni ya mji huu. Mara nyingi wanasimuliwa kama kundi moja la watumishi wenye moyo mmoja. Kwa kweli walikuwa watu wa asili na nyakati mbalimbali: Abdullah Susi, aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, walikuwa katika safari yake ya mwisho tangu mwaka 1866, ilhali wengi wengine, akiwemo Jacob Wainwright aliyesomeshwa Nasik huko India, waliletwa mwaka 1872 tu. Wakongwe na wageni hao walilazimika kukaa kikao, kukubaliana na kuchagua viongozi, nao wakawachagua Susi na Chuma. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliyewashauri wauzike mwili hapohapo, wakakataa.

Mbele ya Unyanyembe waliambiwa kwamba maiti haitapita. Wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakauzungushia nguo kama maiti, na wakawatuma wenzao kuurudisha nyuma kana kwamba unakwenda kuzikwa. Mzigo huo ulitupwa porini, na mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo na kupitishwa mbele ya macho ya watu. Hila hiyo isingefaulu kama mtu mmoja tu kati ya makumi yao angeropoka. Mwandishi anayetaka kujenga riwaya juu ya tukio hilo haimlazimu kubuni mbinu; kinachobaki kwake ni kuamua ni nani atembee sambamba na robota lile, mkongwe wa mwaka 1866 au mgeni wa mwaka 1872, na ni neno gani lililopita kati yao kambini usiku uliotangulia hata kila mmoja akaridhika kwamba mwenziwe atanyamaza.